Kura Iliyopigwa ni Ipi? Hotuba kwa Wakazi wa Nairobi Kuhusu Namna ya Kuisoma Katiba

Wazee wetu, akina mama, ndugu zangu na vijana, hamjambo. Asanteni kwa kufika. Aliye na Katiba mkononi au kwenye simu na afungue kifungu cha 138(4). Asiye nayo asogee kwa jirani, maana leo tutasoma maneno yenyewe.

Kifungu hicho kinasema mgombea urais atatangazwa mshindi akipata zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, tena apate angalau asilimia 25 ya kura zilizopigwa katika kila moja ya kaunti zinazozidi nusu ya kaunti zote. Kaunti ni 47, kwa hivyo zinatakiwa 24. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye maneno mawili: kura zilizopigwa.

Tuchukue watu 1,000 waliopiga foleni, wakapewa karatasi, wakaitumbukiza sandukuni. Maafisa wanapofungua sanduku wanakuta karatasi 20 zimeharibika. Nyingine zina alama kwa wagombea wawili, nyingine hazina alama kabisa. Mgombea mmoja ana kura 495. Ukigawanya kwa 1,000, ana asilimia 49.5: hajashinda, na nchi inarudi kwenye foleni ndani ya siku 30. Ukiziondoa zile 20 ukagawanya kwa 980, ana asilimia 50.51: ni rais. Karatasi ni zile zile na alama ni zile zile. Kilichobadilika ni jibu la swali moja tu: karatasi isiyo na chaguo linaloeleweka, je, ni kura iliyopigwa?

Mwaka 2013 swali hilo lilifika Mahakama ya Juu, na wakati huo mshindi alikuwa ametangazwa kwa asilimia 50.07. Tarehe 30 Machi mahakama ikaamua kwamba kura zilizokataliwa haziingii kwenye hesabu, na mwaka 2022 ikashikilia msimamo huo huo. Kanuni za uchaguzi zenyewe zinaiita karatasi ya namna hiyo batili na kusema isihesabiwe. Waliopinga nao hawakuwa wakibahatisha. Katiba imesema kura "zote". Katiba ya jirani zetu Uganda imeandika wazi "kura halali", na yetu ingeweza kuandika hivyo kama waandishi wake wangetaka. Mimi naona mahakama ilikuwa sahihi, kwa sababu kupiga kura ni kuchagua, na karatasi isiyochagua mtu haiwezi kumzuia aliyechaguliwa. Lakini tazameni jinsi watu wawili wenye akili timamu wanavyosoma mstari mmoja na kuondoka na marais wawili tofauti.

Kwa hivyo mtu akikuambia, "Katiba iko wazi, someni tu," muulize anazungumzia kifungu gani. Viko vilivyo wazi kweli. Kifungu cha 140 kinampa mwananchi siku 7 baada ya matokeo kutangazwa kupeleka kesi ya urais, kisha Mahakama ya Juu ina siku 14 kutoa uamuzi. Kifungu cha 259(5) kinasema siku ya tukio la kwanza haihesabiwi, ya mwisho inahesabiwa. Kifungu cha 259(6) kinaziacha Jumapili na sikukuu, lakini kwa muda wa siku 6 au chini yake tu. Siku 7 ni zaidi ya hizo 6, basi Jumapili inahesabiwa. Mwaka 2017 matokeo yalitangazwa Agosti 11, kesi ikafika Agosti 18, uamuzi ukatoka Septemba 1. Mwaka 2022 ilikuwa Agosti 15, Agosti 22, Septemba 5. Hesabuni kwa vidole mtaona zimekaa sawasawa. Kwa kifungu cha namna hii hakuna falsafa, kuna kalenda.

Shida inaanza pale neno linapokuwa pana kuliko jambo lililoletwa mahakamani, au Katiba inaponyamaza, au vifungu viwili vinapovutana. Hapo ndipo majaji hugawanyika, na hawagawanyiki kwa sababu za siasa peke yake kama tunavyopenda kusema. Hugawanyika pia kwa sababu kila mmoja ana namna yake ya kusoma. Nitazieleza namna hizo, halafu niwaonyeshe kwamba Katiba yetu, tofauti na nyingi duniani, imeshamwambia jaji aisomeje. Hilo ndilo ningependa kila mtu arudi nalo nyumbani.

Namna ya kwanza ni kushika neno kama lilivyo. Ndiyo iliyotawala hapa kwa miaka mingi. Katika kesi ya Jamhuri dhidi ya El Mann, mwaka 1969, mshtakiwa alikuwa amelazimishwa na sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni kujibu maswali, kisha majibu yake yakatumiwa kumshtaki. Katiba ya wakati huo ilisema mtu hatalazimishwa kutoa ushahidi katika kesi ya jinai anayoshtakiwa. Mahakama ikasema Katiba husomwa kama sheria nyingine yoyote: kifungu kinalinda mtu wakati kesi inasikizwa, na maswali yalijibiwa kabla ya kesi, basi ulinzi haupo. Kwa neno lilivyo, ni kweli. Lakini fikirieni haki inayokulinda usijishtaki mwenyewe ukiwa kizimbani huku ikiruhusu ulazimishwe kujishtaki wiki moja kabla. Hiyo ni haki iliyobaki ganda, kiini kimeliwa.

Hata hivyo njia hii tusiidharau. Inamfunga jaji mikono. Mwananchi akisoma kifungu asubuhi anajua jioni mahakama itasema nini. Jaji asiyefungwa na neno anaweza kukupa haki leo na kukunyang'anya kesho kwa hoja zile zile tamu.

Wamarekani wana namna ya pili, nayo ni kuuliza maneno yalimaanisha nini kwa watu wa siku yalipoandikwa. Katiba yao ni ya 1787. Mwaka 2008, kwenye kesi ya Heller kuhusu haki ya kuwa na bunduki, majaji wa pande zote mbili walichimba historia ya karne ya 18. Mwaka 2022, walipofuta uamuzi wa 1973 kuhusu utoaji mimba, swali lao kubwa lilikuwa kama haki hiyo ina mizizi katika historia ya taifa lao. Hoja ya wanaofuata njia hii ni nzito: ikiwa jaji anaweza kubadilisha maana, ya nini kuweka utaratibu wa kurekebisha katiba kwa kura?

Kwetu sisi hoja hiyo inagonga ukuta mapema. Nia ya nani? Tume ya kurekebisha Katiba iliyoongozwa na Yash Pal Ghai ilizunguka nchi ikikusanya maoni. Wajumbe wa kongamano la Katiba pale Bomas wakajadili hadi 2004. Rasimu iliyopelekwa kwa wananchi Novemba 2005 ikakataliwa. Ikaja Kamati ya Wataalamu, kisha wabunge waliokutana Naivasha Januari 2010 wakabadilisha mambo makubwa, ukiwemo mfumo wenyewe wa serikali. Mwisho, tarehe 4 Agosti 2010, wapiga kura wapatao asilimia 67 walisema ndiyo. Hao wote hawakuwa na nia moja. Historia hiyo inasaidia sana kujua tatizo gani lilikuwa linatibiwa, na mahakama zetu huitumia kwa kazi hiyo. Haiwezi kuwa rubani.

Namna ya tatu inaiona katiba kama kitu chenye uhai. Mwaka 1929 swali lilitoka Canada: je, mwanamke ni "mtu" anayeweza kuteuliwa seneti? Katiba yao ya 1867 iliandikwa wakati hakuna aliyewaza hivyo. Baraza la rufaa la London likasema katiba ni mti hai unaokua, na mwanamke ni mtu. Mwaka 1979 baraza hilo hilo likapokea kesi kutoka Bermuda kuhusu neno "mtoto": je, aliyezaliwa nje ya ndoa yumo? Sheria za zamani za Uingereza zingemtoa. Baraza likasema katiba yenye haki za binadamu haisomwi kwa ubahili wa sheria za kawaida, na mtoto ni mtoto.

Mawazo hayo yalifika Nairobi kwa kishindo Machi 2004, katika kesi ya Mchungaji Timothy Njoya na wenzake. Swali lilihusu neno moja: Bunge lilikuwa na uwezo wa "kubadilisha" Katiba, je, uwezo huo ni pamoja na kuifuta na kuleta mpya? Mahakama Kuu ikasema hapana. Katiba mpya ni kazi ya wananchi wenyewe. Jaji Ringera akaandika kwamba Katiba si sheria tu ya Bunge, ni kitu hai chenye roho. Kura za maoni za 2005 na 2010 zinadaiwa sehemu na neno hilo moja lililosomwa vizuri.

Sasa fungueni kifungu cha 259. Kama kuna ukurasa wa kukunja pembe, ni huu. Unaamuru Katiba ifasiriwe kwa namna inayoendeleza makusudio, maadili na kanuni zake. Inayokuza utawala wa sheria na haki za binadamu. Inayoruhusu sheria kukua. Na inayochangia utawala bora. Ibara ya 3 inaongeza kwamba sheria husema daima, yaani haikunyamaza siku ilipotiwa saini, tarehe 27 Agosti 2010 pale Uhuru Park. Ibara ya 4 inasema neno "ni pamoja na" halifungi orodha. Rudini kifungu cha 20: mahakama ikiwa na maana mbili mkononi kuhusu haki, ishike ile inayoipa haki nguvu zaidi. Halafu kifungu cha 10, ambacho kinayafanya maadili ya taifa yamfunge kila mtu anayeifasiri Katiba. Kila mtu, si jaji peke yake. Karani wa kaunti anayeamua kama mkutano wa kuchukua maoni yenu ulitosha, naye ni mfasiri.

Mwaka 2011, katika uamuzi wake kuhusu ombi la tume ya muda ya uchaguzi, Mahakama ya Juu ilikiri kwamba vifungu hivi vinakataa usomaji mkavu wa sheria. Baadaye ikaeleza maana ya kuisoma Katiba nzima kwa pamoja: kifungu kinawekwa kando ya vifungu vingine, kisha vinatazamwa kwa historia, kwa suala lililopo na kwa hali ya wakati. El Mann ilizikwa hapo.

Lakini nisieleweke vibaya. Kufuata makusudio si ruhusa ya jaji kuandika anachopenda halafu akapachika "roho ya Katiba" juu yake. Jaji anayefanya kazi yake huanza na neno. Halafu hutazama vifungu jirani, kisha Katiba nzima kuanzia Utangulizi, kisha historia ya tatizo, kisha huuliza kifungu kiliwekwa kitende nini. Kesi za India au Afrika Kusini huja mwisho kama ushahidi wa majirani. Ukisoma hukumu ukakuta kesi za nje kurasa kumi na kifungu chenyewe hakijanukuliwa, jua kuna hatua iliyorukwa. Na ukikuta neno lililo wazi limegeuzwa kinyume bila kuelezwa kwa nini, hiyo si tafsiri, ni marekebisho bila kura ya maoni.

Nitawaonyesha palipouma zaidi: theluthi mbili za jinsia. Kifungu cha 81(b) kinasema katika vyombo vya kuchaguliwa wasizidi theluthi mbili watu wa jinsia moja. Fanyeni hesabu. Bunge la Taifa lina wanachama 349 bila Spika: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wa wanawake wa kaunti, 12 wa kuteuliwa na vyama. Theluthi mbili ya 349 ni 232 na sehemu. Kwa hivyo jinsia moja haiwezi kuzidi 232, na ya pili lazima ifike 117. Wanawake 47 wana uhakika wa viti vya kaunti. Wale 12 wakipangwa mwanamke kwa mwanamume, ongeza 6. Una 53. Wanabaki 64, na lazima watoke kwenye maeneobunge, ambako mpiga kura humchagua amtakaye. Hakuna kifungu kinachosema wakipungua watoke wapi.

Sasa tazameni kifungu cha 177, kuhusu mabunge ya kaunti. Huko Katiba imeweka viti maalumu vya kujaza pengo baada ya uchaguzi, ndiyo maana hapa City Hall pengo hujazwa kwa orodha ya vyama. Kwa Bunge la Taifa na Seneti, kimya.

Mwanasheria Mkuu aliuliza Mahakama ya Juu kama sharti hilo linabana uchaguzi wa Machi 2013. Tarehe 11 Desemba 2012 majaji wengi wakasema 81(b) ni kanuni inayohitaji sheria ya kuitekeleza, kwa hivyo itafikiwa hatua kwa hatua, na sheria hiyo itungwe kufikia 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu wa wakati huo, Willy Mutunga, akapinga. Aliisoma historia ya wanawake kufungiwa nje ya uongozi na akasema haki hii inadaiwa sasa hivi.

Wote wawili walidai kufuata makusudio. Wote waliisoma Katiba nzima. Wengi walitumia kimya cha kifungu cha 97 na 98, vinavyoeleza muundo wa Bunge la Taifa na Seneti, kusema utaratibu haupo. Kwa upande wa pili unaweza kuutumia utaratibu wa kaunti kuonyesha kwamba wananchi hawakuwa wakitania. Njia moja, majibu mawili. Mimi nasema kwa moyo wote kwamba majaji wengi walikosea, na kosa lao ni la kiufundi: kifungu cha 20 kiliwataka wachague maana inayoipa haki nguvu, nao wakachagua inayoipa Bunge muda. Tumeona yaliyofuata. Bunge likajiongezea mwaka mmoja, ukapita. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikaliamuru litunge sheria hiyo ndani ya siku 60, zikapita. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge chini ya kifungu cha 261(7). Halikuvunjwa, na muhula wake ukaisha kwa uchaguzi wa Agosti 2022. Tafsiri iliyotoa muda ilizaa muda mwingine, na mwingine tena.

Kesi ya BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba uliosukumwa na Rais, tutaipitia kwa kasi, ingawa ilikuwa kubwa. Kifungu cha 257 kinaruhusu marekebisho kwa mpango wa wananchi wenye saini milioni moja za wapiga kura. Hakisemi nani anaweza kuuanzisha. Kwa neno tupu, Rais naye ni mpiga kura, basi aanzishe. Kwa kusoma vifungu vya 256 na 257 pamoja, unaona barabara mbili: moja ya Bunge, nyingine ya raia asiye na Bunge mfukoni. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema Rais hawezi kupita barabara ya raia.

Hapo hapo mahakama ikakataa kitu kilichopendwa na wengi wetu: fundisho la muundo wa msingi. Lilitoka India mwaka 1973, kesi ya Kesavananda Bharati, majaji 7 kwa 6. Linasema ziko nguzo za katiba ambazo Bunge haliwezi kuzigusa. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa zilikuwa zimelikubali. Majaji sita wa Mahakama ya Juu wakalikataa, mmoja akabaki nalo. Sababu yao ni ya kusoma, si ya siasa: India haina kura ya maoni ya kulinda nguzo zake, sisi tunayo. Kifungu cha 255 kimetaja mambo kumi yasiyobadilishwa bila kura ya maoni, na katika angalau nusu ya kaunti lazima ijitokeze asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa. Ukuta umeshajengwa, wakasema, msiagize mwingine kutoka ng'ambo. Wanaowalaumu wana la kusema, lakini mimi naona hapo mahakama ilifanya kile nilichosema: ilianza nyumbani.

Wakazi wa Lang'ata na South C wanakikumbuka kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, kilichobomolewa Novemba 2011. Kesi hiyo ilichukua miaka tisa na zaidi. Mwezi Januari 2021 Mahakama ya Juu ikasema watu wanaoishi kwenye ardhi ya umma bila hati wanaweza kuwa na haki ya makazi inayolindwa chini ya kifungu cha 43, na kwamba mahakama inaweza kutoa amri kisha ikaendelea kusimamia utekelezaji wake. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kuhamisha watu ilisemwa si sheria inayobana, lakini inasaidia kujaza maana. Hiyo tofauti kati ya kinachobana na kinachosaidia ni muhimu mno kwa anayejitetea dhidi ya tingatinga. Usiegemee mwongozo peke yake. Egemea kifungu cha 43, uutumie mwongozo kukieleza.

Na kuhusu "ni pamoja na": kifungu cha 27(4) kinakataza ubaguzi kwa msingi wowote, halafu kinatoa orodha. Februari 2023 majaji wa Mahakama ya Juu, watatu kwa wawili, waliamua kwamba orodha hiyo haijafungwa, katika kesi ya kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Uamuzi huo ulizua kelele nyingi, na nyingi zilitokana na kutousoma. Ulihusu uhuru wa kujiunga na kusajili shirika chini ya kifungu cha 36. Haukuhalalisha ndoa, haukufuta kifungu chochote cha sheria ya jinai. Unaweza kuupinga, na majaji wawili waliupinga kwa hoja. Upinge kwa kile ulichosema.

Kwa sababu hiyo naomba tujifunze kusoma hukumu. Zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Usianzie ukurasa wa kwanza. Nenda mwisho, pale penye amri, ujue ni nini hasa kilichoamriwa. Kisha tafuta sehemu yenye masuala ya kuamuliwa, kwa kawaida ni matatu au manne, kwa kuwa hukumu hujibu hayo tu. Ukikuta jaji anasema jambo zuri lisilojibu suala lolote kati ya hayo, ni maoni yake ya pembeni, halitabana mahakama nyingine kesho. Hesabu majaji: wangapi wamekubali, na je, wamekubali kwa sababu moja? Halafu soma aliyepinga. Mara nyingi yeye ndiye anayekuonyesha pale wenzake walipopita haraka.

Na ukitaka wewe mwenyewe kupeleka swali la tafsiri, mlango ni Mahakama Kuu, si Mahakama ya Juu. Hapa kwetu ni kitengo cha Katiba na haki za binadamu, Milimani. Vifungu vya 22 na 258 vinakuruhusu kwenda kwa niaba yako, ya kikundi, au ya asiyeweza kwenda mwenyewe. Kwa kesi ya haki chini ya kifungu cha 22 hutozwi ada ya kuifungua. Kanuni za 2013 zinataka ombi lionyeshe jina na anwani yako, mambo yaliyotokea, kifungu kilichovunjwa, madhara uliyopata au utakayopata, kesi nyingine yoyote inayohusu jambo hilo, unachoomba, na saini. Hata barua au maombi ya mdomo mahakama inaweza kuyapokea.

Maombi mengi huanguka kwa sababu moja iliyowekwa tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979: mlalamishi anaandika "haki zangu zimevunjwa" bila kutaja haki ipi, kifungu kipi, na imevunjwaje. Andika hivi: kifungu cha 43(1)(b), makazi, tarehe fulani nyumba ilibomolewa, hatukupewa notisi. Sentensi moja kwa kila kifungu. Usirundike vifungu 20 ukidhani vingi vina nguvu, maana kila ulichokitaja utatakiwa kukithibitisha. Ukishindwa, gharama za kesi ziko mikononi mwa jaji, ingawa katika kesi za maslahi ya umma kwa kawaida kila upande hubeba zake.

Kama swali lako ni zito, omba kwa jina kifungu cha 165(4): jaji akithibitisha kwamba limezua suala kubwa la sheria, Jaji Mkuu hulipangia majaji wasiopungua watatu, na idadi yao lazima iwe witiri. Andika maombi yako kwa Kiswahili ukipenda, kwani kifungu cha 7 kimekifanya lugha rasmi, lakini weka nakala ya Kiingereza ya kifungu unachotegemea kando yako, kwa sababu kifungu cha 259(2) kinasema nakala za lugha mbili zikipingana, ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Na hukumu ikitoka usiyoikubali, notisi ya kukata rufaa inapelekwa ndani ya siku 14. Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi.